Doa Kwenye Gauni la Wifi

Kuna uchovu wa kufua nguo za watu, na kuna uchovu wa kufua nguo za kuku. Ule wa kwanza Dobi alikuwa ameshauzoea. Kwa miaka kumi na minne alikuwa amesimama nyuma ya meza ndefu ya duka la kufulia, akipokea mashuka, suti, majoho na mapazia ya watu, na hapakuwa na nguo tena ya kumshangaza. Lakini kurudi nyumbani jioni, miguu imevimba, akakuta beseni limewekwa katikati ya ukumbi makusudi, limelowekwa vigauni vinne vya ukubwa wa kiganja, vyote vya kuku, hilo lilikuwa limemfika shingoni.

Mwenye vigauni alikuwa mama mkwe wake. Mama huyo alikuwa mshonaji tangu usichana wake, na hata baada ya kufunga kibanda watu waliendelea kumwita Fundi. Miaka miwili kabla ya siku hiyo alihamia kwa mwanawe akiwa na masanduku mawili, cherehani ya kukanyaga kwa mguu, na kuku watatu ambao ilikuwa marufuku hata kuwataja karibu na jiko. Mmoja aliitwa Karani kwa sababu alitembea kama mtu aliyechelewa ofisini. Mwingine, mweupe asiyependa makelele, aliitwa Mtawa. Wa tatu alikuwa mwekundu, mnene, mwenye maringo, na kazi yake kubwa duniani ilikuwa kukaa mapajani pa Fundi wakati cherehani inazunguka. Huyo Fundi alimwita "mwanangu." Siku moja alimwita hivyo mbele ya wageni, na mume wa Dobi, dereva wa lori la maji ambaye hakuwahi kuacha utani upite bila kuudaka, akamgeukia mkewe akamwambia kwamba kama huyu ni mwana wa Mama, basi ni wifi yake, amsalimie. Watu wakacheka mpaka chai ikamwagika. Tangu hapo yule kuku akawa Wifi.

Dobi alikuwa na mawifi wengine wawili, binadamu, na wote wawili kwa pamoja hawakuwahi kumsumbua kama huyu mwenye mdomo wa pembe. Wifi alikula kabla ya wenye nyumba. Wifi akilala mchana, redio inapunguzwa. Wifi akitaga, Fundi anakwenda kumpongeza, na ole wako upite bila kusema neno.

Wiki tatu nyuma Wifi alianza kunyonyoka manyoya mgongoni na chini ya bawa. Dobi alisema ni kawaida, kuku wote hubadilisha manyoya, yatarudi yenyewe. Fundi hakutaka kusikia. Alisema mtoto yuko uchi na asubuhi kuna baridi. Akafungua sanduku lake la vitambaa vilivyobaki, akakaa kwenye cherehani siku mbili, akatoka na gauni la kwanza. Lilikuwa na matundu mawili ya mabawa na vifungo viwili mgongoni. La pili likawa na kola. La tatu likawa na bitana, kwa ajili ya siku za mawingu, na mengine yakafuata. Majirani walikuja kutazama wakiwa wameziba midomo kwa viganja, na kesho yake mteja mmoja dukani akamuuliza Dobi, kwa uso mkavu kabisa, kama wanapokea pia nguo za mbuzi.

Basi jioni ile Dobi aliinama juu ya beseni akiwa na hasira zake zote, akalitoa gauni lenye bitana, akalikamua, akalikunjua. Upande wa kushoto, palipo tundu la bawa, palikuwa na doa.

Doa kwa Dobi ni kama mwandiko kwa mwalimu. La chai lina ukingo. La jasho hukaa kwapani na kwenye kola. Damu ikikaa sana hugeuka kahawia, na kinyesi cha kuku hakihitaji mtaalamu. Hili lilikuwa kahawia katikati, kisha njano inayoelekea kijani, na pembeni kitambaa kilikuwa kimekakamaa kama kimetiwa wanga, ingawa kilikuwa kimelala majini. Akalileta puani. Chini ya harufu ya sabuni palikuwa na harufu nyingine, tamu na mbaya. Aliwahi kuikuta kwenye mashuka ya mzee mmoja aliyelala kitandani miezi mingi mpaka mgongo wake ukafanya vidonda. Ilikuwa harufu ya nyama inayooza ilhali mwenyewe bado anapumua.

Akaenda nalo mpaka chumbani kwa Fundi, maji yakimdondoka sakafuni. Akamwambia kwamba Wifi ana kidonda, na kidonda chenyewe si cha mchezo, wamvue gauni wamtazame sasa hivi. Fundi alikuwa amemweka Wifi mapajani, tayari amemvalisha lingine, akamfunika kwa mikono miwili.

"Hilo ni jasho," akasema.

"Kuku hatoki jasho, Mama."

"Wewe umewahi kuvaa manyoya?"

Dobi akaona akijibu atakosa adabu, akatoka. Mumewe aliporudi, akamweleza yote huku akimshikisha lile gauni mkononi. Mume akalinusa, akakunja uso, akasema Mama anawajua kuku wake, naye Dobi anayajua madoa yake, kila mmoja yuko sawa kwa upande wake. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yake kwa kila ugomvi wa nyumba ile, kuwapa wote ushindi halafu kwenda kuoga. Dobi alimtazama akiondoka na taulo begani na akajiuliza ni dhambi gani kumrushia mtu beseni.

Asubuhi yake Karani na Mtawa walikuja mbio waliposikia sahani ya mahindi. Wifi hakuja. Alikuwa amesimama kwenye kona ya ua, shingo ameiingiza mabegani, macho nusu yamefumba, bawa la kushoto linaburuta. Kuku aliyekuwa akiwapiga mdomo wenzake kwa ajili ya punje moja alikuwa anaitazama sahani kana kwamba haimhusu.

Dobi hakuomba ruhusa tena. Alimbeba, akamweka juu ya meza ya jikoni, akachukua mkasi uliokuwa karibu, akaanza kulikata gauni kuanzia kwenye kola. Mkasi wenyewe ulikuwa ule mkubwa wa Fundi, wa vitambaa tu, ambao mume wa Dobi aliwahi kuchapwa utotoni kwa kukatia karatasi. Fundi aliusikia mlio wake kutoka chumbani, akaja amejishika ukutani.

Alikuwa ameshafungua mdomo kugomba, lakini kitambaa kilipoachia, harufu ikajaza jiko.

Chini ya bawa hapakuwa na ngozi ya kuku anayebadilisha manyoya. Huyo ngozi yake huwa kavu, ya rangi ya waridi, na ukipapasa unakutana na vijiti vidogo vya manyoya mapya. Hapa palikuwa palaini na pameloa, peusi penye ubuluu kama jeraha la kubanwa na mlango, toka kwapani mpaka ubavuni. Manyoya machache yaliyobaki pembeni yalitoka yenyewe Dobi alipoyagusa. Alipobonyeza kwa kidole, ngozi ikatoa mchakacho mdogo, kama mfuko wa nailoni uliofinywa ndani ya kitambaa. Kulikuwa na hewa chini yake. Wifi hakupiga hata kelele.

Fundi aliinamisha uso juu ya meza, karibu kabisa.

"Pekundu kidogo, si ndiyo?" akasema. "Ni joto hilo. Tupapake mafuta."

"Mama, ni peusi."

"Peusi kama nini?"

Dobi alidhani anabishiwa. Alichoka ghafla, uchovu wa mtu anayesukuma gari lililofungwa breki. Akasema hapakwi mafuta, wala majivu, wala dawa ya meno, wala chochote, akamfunga Wifi kwenye taulo safi, akamtia kwenye kikapu pamoja na lile gauni lenye doa na kwenda zake. Fundi alimfuata mpaka mlangoni. Hakugomba tena. Alisema neno moja tu, kwa sauti ambayo Dobi hakuwahi kuisikia kwake.

"Nirudishie."

Ofisi ya daktari wa mifugo ilikuwa na karani wake, wa kweli huyu, mwenye fomu. Aliuliza aina ya mnyama, Dobi akasema kuku. Akauliza idadi, Dobi akasema mmoja. Karani akainua kichwa. Akaeleza kwa upole kwamba watu huleta kuku mia mbili, mia tatu, na kwa mmoja ushauri wa kawaida ni sufuria. Dobi akamwambia aandike. Karani akafika kwenye mstari wa matumizi ya mnyama: nyama, mayai, au vifaranga. Dobi akasema hana matumizi. Karani akasema mstari hauwezi kubaki mtupu.

"Basi andika ni wifi yangu," Dobi akasema. "Na kama fomu haina nafasi, ongeza karatasi."

Mwanamke mmoja mwenye ndama alicheka mpaka akashika ukuta. Karani aliandika kitu, Dobi hakujua nini, na akaitwa.

Daktari alikuwa mama mnene mwenye mabuti ya mpira, aliyeongea kidogo kama anayelipishwa kwa kila neno. Alivaa glavu, akafunua taulo, akabonyeza mara moja, akasikiliza, akasema, "Huu ni uozo wa chini ya ngozi." Akaeleza huku mikono ikifanya kazi. Vijidudu vyake vipo kila mahali, kwenye udongo, kwenye takataka za banda, hata juu ya ngozi ya kuku mzima, navyo havifanyi lolote mpaka vipate mlango. Mlango ni mkwaruzo wowote. Vikishaingia, vikapata joto na unyevu na mahali pasipopita hewa, vinakula nyama kwa kasi, na kuku wengi hufa kabla mwenyewe hajajua kuna ugonjwa. Kama angeachwa mpaka kesho, asingeletwa.

Alikata manyoya yote pembeni, akaosha kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, akaondoa kilichokwisha kufa, akapaka dawa ya rangi ya chai, akamchoma sindano kwenye nyama ya kifua. Kisha akachukua kalamu nene ya buluu na kuchora mstari kwenye ngozi iliyo salama, kuuzunguka weusi wote.

"Utazame mstari huu kila saa," akasema. "Weusi ukikaa ndani yake, dawa inashinda. Ukiuvuka, mlete saa hiyo hiyo, usingoje kesho. Akae peke yake, pakavu, penye hewa, wenzake wasimdonoe. Mayai yake yatupeni. Na kuku wengine mlionao nyumbani muwafunue manyoya kila siku, kwapani na kifuani. Na hizi nguo uzichome."

Alisema hayo ameshika lile gauni lenye doa, akilipitisha kati ya vidole. Akasita. Akachomoa kitu kwenye mshono wa bitana, akakiweka kwenye trei ya chuma, kikalia. Akatafuta tena, akachomoa kingine. Zilikuwa pini mbili za fundi, moja ncha yake ina kutu ya damu.

"Mlango wenyewe huu," akasema daktari.

Njia nzima ya kurudi Dobi alichemka. Fundi wa miaka hamsini kwenye cherehani, aliyejisifu kwamba hajawahi kumrudishia mteja nguo yenye uzi unaoning'inia, ameacha pini mbili kwenye gauni la kuku. Uzembe huo. Kiburi cha mtu asiyetaka kukaguliwa. Angalau mtu akimvalisha kuku nguo kwa nguvu, basi aikung'ute kwanza. Alipofika aliziweka zile pini juu ya meza ya cherehani, mbele ya Fundi, bila salamu, akamweleza zilikotoka.

Fundi alizipapasa kwa ncha za vidole, moja moja.

"Zimenipita," akasema.

Dobi alingoja zaidi. Alikuwa amejiandaa kwa mabishano, ana majibu tayari kwa kila kisingizio, na sasa yote yakabaki mkononi kama chenji ya bure. Akakichukulia kimya kile kuwa ni maringo. Akamtengenezea Wifi boksi kwenye veranda, akatandika gazeti safi, akamwonyesha Fundi mstari wa buluu, akaeleza mara tatu kama anayemwelekeza mtoto. Siku iliyofuata ilikuwa lazima aende dukani, majoho sitini ya chuo yalikuwa yanangoja pasi, na mume alikuwa safarini na lori lake. Fundi akasema aende tu, mtoto ni wake, atamtazama.

Kila saa Dobi alipiga simu katikati ya mvuke wa pasi. Saa nne Fundi alisema uko pale pale. Saa sita uko pale pale. Saa nane alisema haujasogea hata unywele, na Wifi amekunywa maji. Mara zote alijibu upesi, na Dobi alirudi kwenye majoho yake roho imetulia. Hata alimsimulia mwenzake wa kwenye pasi kwamba Mama kwa ubishi hajambo, lakini akishika kazi anaishika.

Alirudi saa kumi na moja. Aliinama kwenye boksi kabla ya kuweka mkoba chini. Weusi ulikuwa umeuvuka mstari wa buluu kwa upana wa vidole viwili na ulikuwa unaelekea kifuani.

Hapo ndipo yalipotoka yote. Yalitoka ya siku ile na ya miaka miwili. Alisema ametazama nini huyu mtu tangu asubuhi. Alisema kuku anaoza mbele yake naye anajibu simu kama karani wa ofisi, uko pale pale, uko pale pale. Alisema amechoka kuwa mkorofi wa nyumba hii kwa sababu tu ndiye anayesema kilichopo. Alisema vigauni, na beseni, na mbuzi wa yule mteja. Wifi alikuwa mikononi mwake, ameshamfunga taulo, na Fundi amesimama kizingitini amejishika ukutani.

"Mstari mnene hivi, Mama. Wa buluu. Umeutazama kwa macho gani?"

"Kwa haya haya niliyonayo," Fundi akasema. "Sina mengine."

Dobi akamtia Wifi kwenye kikapu.

"Sijauona huo mstari, mwanangu. Ulipokuwa unanionyesha nilikuwa naona kidole chako, basi. Nilikuwa nampapasa, nikisikia anapumua, nasema uko pale pale."

Ikabidi wamalizie njiani, kwa sababu ofisi ya daktari ilikuwa inakaribia kufungwa. Walikwenda wote wawili, Dobi na kikapu mkono mmoja, Fundi ameshikwa mkono wa pili, na ndipo Dobi alipojua jinsi yule mama anavyotembea barabarani, anaupima mguu kabla ya kuuweka chini. Fundi akasimulia akiwa anatembea, uso mbele. Ukungu wa macho ulianza kabla hajahamia. Kibanda hakukifunga kwa sababu ya uzee. Alikifunga baada ya kuharibu suruali mbili za mteja mmoja na kudanganya kwamba kitambaa kilikuwa kibovu. Kwa mwanawe hakusema, kwa sababu anamjua mwanawe, angeamua siku hiyo hiyo kwamba Mama apumzike, na cherehani ingefunikwa shuka na kuwekewa chungu cha maua juu.

"Sasa kwa nini umshonee kuku, Mama? Kwa nini umhangaishe mnyama wa watu?"

Fundi alijibu akiendelea kutembea.

"Nilitaka kujua kama bado naweza. Nikimshonea mtu, atasema. Kuku hasemi."

Hasira ya Dobi ilikuwa bado ipo, nzima, ila haikuwa tena na pa kutua. Alimkaza mkono tu, wakaongeza mwendo.

Daktari alifungua taulo, akatazama mstari, akamtazama Dobi, na kwa mara ya kwanza akatumia maneno mengi kidogo. Alisema kama wangekuja saa sita ingekuwa kazi ndogo, sasa ni kubwa, na haahidi. Alikata zaidi, akabadilisha dawa, akachoma sindano mbili, akachora mstari mpya kwa kalamu nyekundu. Fundi alisimama pembeni ya meza muda wote ameshika mguu wa Wifi kati ya vidole viwili. Walipokuwa wanatoka ndipo aliposema, si kwa daktari bali kwa Dobi, "Wewe ndiye utakayetazama. Lakini uniambie ulichoona. Usinipambie."

Basi siku tatu zilizofuata zikawa hivyo. Dobi aliomba ruhusa kazini, bosi akauliza anayeumwa ni nani, akasema ni wifi yake, na hilo moja halikuwa uongo. Kila saa alimfunua Wifi kwenye mwanga wa veranda na kumsomea Fundi ngozi kama anayesoma barua ya mtu mwingine kwa sauti. Siku ya kwanza alisema ukingo umefika kwenye mstari na umeugusa. Ulimi ulimwasha kusema vinginevyo, kwa kuwa uso wa Fundi ulikuwa umemgeukia kama mtu anayengoja hukumu, na neno moja la uongo lingempa usingizi. Hakulisema. Fundi akaitikia kwa kichwa, akaendelea kushika ule mguu. Jioni Wifi hakula. Dobi akasema hajala.

Siku ya pili ukingo ulikuwa pale pale, na safari hii ilikuwa kweli. Siku ya tatu asubuhi weusi ulikuwa umekauka ukawa gamba, pembeni pamejitenga kidogo, na chini yake palionekana pekundu, pekundu pazuri, pa nyama inayoishi. Haikunuka. Dobi alibonyeza kuzunguka mstari wote na hakusikia mchakacho wowote. Karani na Mtawa, waliofunuliwa kwapani na kifuani kila asubuhi kwa matusi yao yote, walikuwa safi. Alipoweka sahani ya mahindi kwenye boksi, Wifi aliitazama kwa dharau ya zamani, kisha akadonoa punje moja, na ya pili, na ya tatu akaidonoa kwa hasira.

"Anakula," Dobi akasema. "Mama, anakula. Upande huu hautaota manyoya tena, nadhani, na bawa litabaki limelegea. Lakini anaishi."

Fundi alicheka na kulia kwa pamoja, bila kujificha, akajipangusa kwa upindo wa kanga. Akakaa kitambo akisikiliza mdomo wa Wifi ukigonga sahani. Halafu akavuta kigoda chake, akakiweka pale pale boksi lilipokuwa, mbele ya Dobi, kwenye mwanga. Akakaa. Akainua uso.

"Sasa nitazame mimi," akasema. "Kama ulivyomtazama yeye. Uniambie ulichoona."

Dobi alishika kidevu chake taratibu, akakigeuza kwenye jua. Katikati ya mboni ya jicho la kulia palikuwa na doa jeupe, zito, kama maziwa yaliyomwagika kwenye kahawa yasikorogwe. La kushoto lilikuwa limeanza, lina utando. Halikuhitaji daktari kulijua jina. Ni mtoto wa jicho, ule ugonjwa ambao watu hufanyiwa upasuaji asubuhi, na jioni wakarudi nyumbani wakiwa na kibandiko. Lilikuwa wazi kabisa. Mtu yeyote angeliona, akiwa mezani, akipokea kikombe, akisalimiana asubuhi.

Akamwambia yote, bila kupamba. Jeupe kulia, utando kushoto. Akamwambia jina lake na kwamba linatibika, na kwamba kesho watakwenda.

Fundi alimsikiliza, kidevu kikiwa bado mkononi mwake.

"Na limeanza kuonekana hivyo tangu lini?"

Dobi alijaribu kukumbuka uso ule mwaka jana, mwezi jana, wiki jana, siku ile alipoweka pini mezani. Alikumbuka mikono, sauti, beseni, mabishano yote neno kwa neno.

"Sijui, Mama," akasema. "Sijawahi kukutazama."